Kibodi ya Pili

Mhasibu wa shule alipiga simu kabla ya saa mbili asubuhi, wiki ya kufungua muhula. Mzazi amelipa karo mara moja, mfumo wetu umemwandikia mara mbili. Kabla sijamaliza kumpa pole akaongeza kuwa si mzazi mmoja, ni kumi na wawili, na foleni ya watu wanaotaka maelezo iko mlangoni pake.

Sisi ni kikundi kidogo cha waandishi wa programu, watu wanane, ofisi yetu iko ghorofa ya tatu nje kidogo ya Ngong Road, Nairobi. Kazi yetu kubwa ni mfumo ambao shule hutumia kupokea karo kwa M-Pesa. Mzazi akilipa, taarifa ya malipo hufika kwenye seva yetu nasi tunaiandika katika akaunti ya mwanafunzi. Seva ikichelewa kujibu, taarifa ile ile inaweza kuja tena. Ndiyo maana, kabla ya kuandika chochote, ni lazima uangalie kama nambari ya muamala imeshaingia, kwa sababu kila muamala una nambari yake peke yake. Sisi hatukuangalia. Asubuhi ile wazazi walilipa kwa wingi kwa wakati mmoja, seva yetu ikalemewa, taarifa zikarudi, nasi tukaziandika tena kana kwamba ni pesa mpya.

Sehemu ile niliiandika mimi. Lakini sikuiandika peke yangu, na hilo ndilo lililoniuma. Wiki tatu kabla ya hapo tulikuwa tumeamua kufanya kazi wawili wawili: watu wawili kwenye kompyuta moja, mmoja anaandika, tunamwita dereva, na mwenzake, tunayemwita mwelekezi, anasoma kila mstari unavyoingia huku akifikiria mbele. Aliyekaa nami siku hiyo ni kijana aliyekuwa ametoka chuoni mwaka uliotangulia, mpole, msomaji makini kuliko wengi wetu. Tulipokwisha kurekebisha kosa na kumwomba radhi mhasibu, nilimwita pembeni nimuulize, bila ukali, ilikuwaje macho manne yakapita juu ya shimo kubwa namna ile.

Akatazama sakafu. "Dada, mimi niliona."

"Uliona?"

"Niliona hatujaangalia nambari. Nikadhani utarudi hapo baadaye. Halafu skrini sikuwa naiona yote, nikasema labda umeshaandika huko juu, ni mimi tu sijasoma."

Nilienda nyumbani na maneno hayo. Kesho yake jioni, wenzangu walipoondoka, niliketi pale alipokuwa ameketi.

Meza yangu wakati huo ilikuwa ya kona, yenye umbo la herufi L, za namna ambayo utazikuta katika ofisi nyingi mjini. Mwenye meza hukaa ndani ya kona, skrini ikimkabili, kila kitu mkononi. Anayekuja kusaidiana naye huvuta kiti cha wageni na kukaa ubavuni, nyuma kidogo ya bega. Kiti chenyewe kilikuwa cha plastiki, kifupi kuliko changu kwa shibiri nzima. Magoti yangu yaligonga droo, ikabidi nikae upande, mwili umeelekea dirishani na shingo imeelekea kwenye skrini. Maandishi niliyaona kwa mshazari, na ya upande wa mbali yalififia. Dirisha letu linatazama magharibi. Ilikuwa yapata saa kumi na moja na jua lilikuwa limemwagika juu ya skrini, upande wangu hasa. Mikono haikuwa na pa kwenda. Niliiweka mapajani kama mtu aliyekuja kuomba kazi.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kijana yule alikuwa na wiki tatu ubavuni mwangu na sikuwa nimempa hata mpini.

Asubuhi niliwaomba wote tufanye jambo moja kabla ya kurudi kazini: kila mtu akae saa moja kwenye kiti cha pili cha meza ya mwenzake, kisha aseme kilichomsumbua. Nilijifunza mengi kwa saa hizo kuliko kwa mikutano yote ya mwezi ule. Mmoja wetu anatumia mkono wa kushoto, na hakuna kipanya hata kimoja ofisini kilichokuwa na waya wa kumfikia upande huo; alikuwa amezoea kukaa na kunyamaza. Dada mwingine, mfupi wa kimo, alisema kiti cha plastiki kinamfanya ajisikie mtoto aliyeketishwa na wazee. Mwingine alisema, kwa sauti ya chini, kwamba kukaa umebanana na mwanamume mnagusana viwiko kutwa nzima hakumpi raha, na kwamba huwa anaomba kazi za peke yake kwa sababu hiyo na si kwa sababu hapendi kushirikiana. Hilo lilinigusa sana. Nilikuwa nimemhesabu kuwa mtu wa kujitenga.

Kazi ya wawili si ngeni. Mwaka 1946 kule Philadelphia, Jean Jennings na Betty Snyder walishirikiana kuandaa hesabu ya njia ya risasi ya mzinga ambayo kompyuta ya ENIAC ilionyeshwa ikiikokotoa mbele ya watu mwezi Februari, kila mmoja akiwinda makosa ya mwenzake. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mwandishi wa programu Kent Beck na wenzake huko Marekani waliifanya kuwa sehemu ya utaratibu kamili wa kuandika programu, na tangu mwanzo walikazia habari ya chumba: watu wakae bega kwa bega, kibodi isogezwe kutoka kwa huyu kwenda kwa yule bila mtu kuhama kiti. Mimi nilisoma habari ya utaratibu nikaruka habari ya samani. Niliona ni mambo madogo ambayo mtu yeyote atayapanga mwenyewe.

Kwa hiyo nilianza na meza.

Ukishapita Dagoretti Corner, mafundi wa samani wamepanga vitanda na sofa kando ya Ngong Road, na nyuma yake karakana zinanguruma kutwa. Nilienda na karatasi. Urefu sentimita 180, upana 80, kimo 74. Meza nne. Fundi niliyempata ni mzee wa makamo, penseli sikioni, aliyesoma karatasi yangu mara mbili.

"Droo ngapi, mama?"

"Hakuna droo."

"Meza ya ofisi bila droo?"

"Watakaa watu wawili upande mmoja. Sitaki mtu agonge magoti."

"Upande mmoja." Aliinua macho. "Sasa huyu wa pili anafanya nini?"

Nikamweleza. Mmoja anaandika, mwingine anasoma, baada ya muda wanabadilishana, na kila mmoja ana kibodi yake ila kompyuta ni moja. Nilidhani nitamchosha. Lakini uso ulimchangamka, akaniambia kuwa ujanani alipasua mbao na mjomba wake kwa msumeno wa watu wawili, mmoja juu ya gogo na mwingine chini shimoni. "Ule una vishikio viwili," akasema. "Huyu akisukuma na yule havuti, haukati, unapinda." Kisha akachukua karatasi yangu na kuufuta mguu niliokuwa nimeuchora katikati ya meza. "Huu utawatenganisha. Na anayetaka kusogea atagonga goti hapo."

Nilimuuliza kama ubao wa urefu ule hautabonyea bila mguu wa kati. Utabonyea, akasema, ukiwekwa mtupu. Akanionyesha kwa vipande vya chuma vilivyokuwa chini: fremu ya chuma cha mraba, miguu minne kwenye pembe, na boriti moja ikipita chini ya ubao kutoka mwisho hadi mwisho, lakini kwa nyuma, mahali ambapo magoti hayafiki. Ukingo wa nyuma aliuacha mtupu ili mikono ya kushikilia skrini iweze kubana. Alitoboa matundu mawili ya nyaya, moja kila upande. Mimi nilikuwa nimechora moja tu, upande wa dereva. Na swali lake la mwisho sikuwa nimelifikiria kabisa: "Ngazi zenu zina kona?" Zina kona mbili kila ghorofa. Basi akaacha kuchomelea fremu yote, akatumia bolti ili meza zipande vipandevipande, akaniambia baada ya miezi sita atakuja kuzikaza, kwa sababu bolti hulegea watu wakiegemea.

Vipimo vile sikuviokota hewani. Mtu mzima akikaa kazini anahitaji karibu sentimita 80 au 90 za ukingo wa meza ili viwiko vyake vitulie. Tulipima kwa mkanda wa gundi sakafuni: kwenye sentimita 140 tulikuwa tunasukumana, kwenye 160 tulivumiliana, kwenye 180 yule dada aliyelalamikia viwiko alikaa, akanyoosha mikono, akasema, "Hapa naweza kufikiri." Upana wa 80 ni kwa ajili ya macho: skrini ikae umbali wa mkono ulionyooshwa, na ukingo wake wa juu ulingane na macho au uwe chini kidogo.

Skrini ndizo zilizotuhangaisha zaidi. Tulianza na moja kubwa katikati ya meza, tukaona ni haki kwa wote. Kwa saa moja ni sawa. Kwa siku nzima kila mmoja amegeuza shingo upande mmoja, na jioni wote wanajisugua mabega. Tukaenda kwenye skrini mbili za kila meza, moja mbele ya kila mtu, zote zikionyesha kitu kile kile. Hapo nikafanya kosa la kubana matumizi. Skrini mpya nilinunua nne tu. Nne nyingine nilizitafuta Luthuli Avenue, zilizotumika, za ukubwa mwingine. Kompyuta ikionyesha picha moja kwenye skrini mbili zisizolingana, hulazimika kuchagua kipimo ambacho zote mbili zinakiweza, na mojawapo huonyesha herufi zenye ukungu. Ukungu ule ulimwangukia nani? Aliyekuja wa pili mezani. Nilikuwa nimemrudisha mgeni kwenye kiti cha plastiki kwa njia nyingine. Mwezi haukuisha kabla sijabadilisha, na leo nikiulizwa wapi pa kubana pesa nitasema popote pengine, lakini skrini mbili za meza moja ziwe mapacha.

Skrini mbili zilileta shida ambayo sikuitarajia. Mtu anasema "hapa" na kugusa skrini yake kwa kidole, mwenzake anaangalia yake na haoni kidole. Siku za kwanza watu walikuwa wanainama kuvuka meza. Tukawasha nambari za mistari kwenye kila kompyuta, tukakuza herufi kidogo kuliko mtu anavyozipenda akiwa peke yake, na tukaanza kusema "mstari wa 42, hilo sharti la pili". Lilikuwa jambo dogo, lakini lilibadilisha mazungumzo. Mtu aliyezoea kunyoosha kidole na kuguna alilazimika kusema anachokiona, na akikisema, mara nyingi hugundua mwenyewe kuwa hakukielewa.

Kisha kibodi. Ukichomeka kibodi mbili na vipanya viwili kwenye kompyuta moja, zote zinafanya kazi, na alama ya kuandikia ni moja. Hakuna programu ya ziada inayohitajika. Nilinunua za waya, kwa sababu za betri huzimika wakati mnahitaji, na kwa sababu waya mrefu unafika upande wa kushoto wa yule ndugu yetu. Siku ya kwanza mikono miwili ilipigania alama moja na maneno yakatoka mchanganyiko. Tulikubaliana neno moja: "Nachukua." Ukilisema, mwenzako anainua mikono. Huhitaji kueleza, wala kuomba ruhusa, wala kumaliza sentensi yake kwanza.

Nataka kukaa kidogo kwenye neno hilo. Sisi tumelelewa kutomkatiza mkubwa. Mimi mwenyewe nikiwa na shangazi zangu siingilii maneno, na sioni aibu kwa malezi hayo. Lakini kijana aliyekaa ubavuni mwangu alikuwa na chaguo mbili tu, anyamaze au anikosoe kwa mdomo mbele ya watu, na akachagua adabu. Kibodi ya pili ilimpa njia ya tatu. Anasema "nachukua", anaandika jaribio fupi, yaani programu ndogo ya kuipima ile kubwa, linaloonyesha kosa, jaribio linashindwa kwa rangi nyekundu, na kompyuta ndiyo iliyonikosoa. Mara ya kwanza alipofanya hivyo kwangu, mikono yake ilikuwa inatetemeka kidogo. Niliiona kwa sababu sasa ilikuwa juu ya meza. Alikuwa na haki. Tangu hapo kila badiliko tunalolihifadhi katika Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko, huandikwa majina mawili, la dereva na la mwandishi mwenza, ili siku ya sifa au ya lawama pasiwe na mtu wa ubavuni.

Viti sina mengi ya kusema: vinane, vya aina moja, vinavyopanda na kushuka. Kiti changu cha zamani chenye mgongo mrefu nilikitoa.

Jua pia tulilimaliza bila gharama. Nairobi iko digrii moja na ushei tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua huzama upande wetu mwaka mzima, likiegemea kaskazini kidogo mwezi Juni na kusini mwezi Desemba. Dirisha la magharibi halipumziki. Tuligeuza meza zote ili skrini zisikabili dirisha wala zisilipe mgongo. Mwanga ukaja kwa ubavu, na aliyekaa karibu na dirisha hubadilishana na mwenzake baada ya chakula cha mchana.

Kelele zilihitaji jasho zaidi. Watu wanane wakifanya kazi peke yao ni kimya. Wawili wawili ni mazungumzo manne kwa wakati mmoja, na sisi tulikuwa na sakafu ya vigae, dari ya zege na kuta tupu. Sauti hugonga kitu kigumu na kurudi. Ikigonga kitambaa kizito, nyingi inafia humo. Nilienda soko la Toi, nikachagua mapazia mazito ya mitumba na mazulia mawili, yaliyochakaa lakini manene. Moja tulilitandika, jingine tukalitundika ukutani nyuma ya meza ambazo sauti ilikuwa inarudi zaidi. Wahasibu wa ghorofa ya chini, waliokuwa wakilalamika juu ya viti vinavyoburutwa, walipanda wenyewe kutushukuru. Matatu za Ngong Road zinaendelea kupiga honi zao, lakini kelele ya nje watu huizoea. Inayokuvuruga ni sentensi ya jirani unayoielewa.

Halafu stima. Mtu akiwa na laptopu yake peke yake, stima ikipotea anaendelea tu hadi betri iishe. Wawili wanaotegemea skrini mbili hurudi ghafla kwenye kioo kimoja cha inchi 14, na papo hapo kuna mwenye kompyuta na mchungulia. Nilishuhudia hilo mara tatu katika wiki moja ya mvua: stima inakatika, mmoja anaivuta laptopu karibu yake bila kujua, mwingine anaegemea nyuma na kutoa simu. Nikapiga hesabu. Skrini moja ya inchi 24 inakula kama wati 22, meza nzima kama 45, meza nne 180, na ruta kidogo juu yake, tuseme 200. Betri moja ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, ila betri ya madini ya risasi na asidi haifai kuishusha chini ya nusu, kwa hiyo zinabaki 600. Ukiondoa kinachopotea kwenye inveta, unapata zaidi ya saa mbili. Siri ni kutozichaji laptopu kwenye betri hiyo, maana zina betri zao. Fundi wa umeme alitaka kuniuzia mtambo mkubwa mara tatu kwa sababu alihesabu kila soketi. Nilimwonyesha karatasi, akakubali kuvuta laini moja tu ya skrini na ruta.

Kuna siku moja ambayo nitaieleza kwa ufupi kwa sababu si yangu. Mwanzoni tulikuwa tunatumia laptopu ya mmojawapo wa wale wawili. Saa tano hivi asubuhi, ujumbe wa WhatsApp ukajitokeza pembeni mwa skrini zote mbili: mama yake mwenzetu anauliza pesa za hospitali zimepatikana au bado. Mwenzetu aliufunga haraka, akaendelea kuandika, na hakuna aliyesema neno. Lakini siku ile yote hakuzungumza. Tulimchangia baadaye, kimyakimya, kama inavyopasa. Hata hivyo, habari ile ilikuwa yake kuitoa au kuificha, na mpangilio wangu mbovu ndio uliomnyang'anya uamuzi huo. Kuanzia wiki iliyofuata kila meza ikawa na kompyuta yake, isiyo na akaunti ya mtu yeyote. Barua pepe na ujumbe vinasomwa kwenye simu, na kando ya jikoni tuliweka kiti kimoja mahali penye mlango wa kufunga, ambapo mtu anaweza kumpigia mama yake.

Kiti hicho kimoja kilitufundisha jambo jingine. Kufanya kazi wawili wawili kunachosha, kuchosha kweli, kwa sababu huna nafasi ya kuzubaa. Tulijaribu kutwa nzima tukashindwa. Sasa hatuzidishi saa tano kwa siku, na chai ya saa nne haikatizwi kwa sababu yoyote. Mama anayetuletea mandazi anajua kuwa akifika, kibodi zote zinasukumwa mbele. Kuna meza moja ndogo ya peke yako inayotazama ukuta, na hakuna anayeulizwa kwa nini ameichagua. Mwenzetu mmoja huitumia kila Ijumaa. Akirudi Jumatatu ana maneno.

Jambo ambalo bado halijakaa sawa ni la mwenzetu aliyehamia Kisumu kumuuguza baba yake. Tunashiriki skrini naye kwa intaneti, sauti inakuja vizuri, lakini sura yake tulikuwa tumeiweka kwenye kidirisha kidogo pembeni mwa skrini ya dereva, na baada ya siku chache nikagundua tunamzungumzia badala ya kuzungumza naye. Tumetoa kiti cha pili kwenye meza namba nne, tukaweka skrini pale pale ambapo kichwa chake kingekuwa, kwa kimo chake, na kamera juu yake. Anaandika kutoka huko na herufi zinatokea huku. Akisema "nachukua", aliye hapa anainua mikono kama kawaida, ingawa yeye hayupo chumbani. Inasaidia. Kuna kucheleweshwa kidogo kwa sauti kunakofanya watu wagongane maneno, na hilo tunalivumilia kwa kusubiri pumzi moja zaidi.

Fundi alikuja baada ya miezi sita kama alivyoahidi, na spana mfukoni. Ilikuwa saa tatu na nusu, watu wote wako kazini, na aliwakataza kuinuka. Yule kijana alikuwa meza ya kwanza na mwanafunzi wa mafunzo aliyeanza wiki hiyo, msichana asiyezidi miaka 21, na wawili hao walikuwa wanabishana juu ya risiti ya karo iliyolipwa nusu. Mzee akaingia chini ya meza, akakaza bolti moja moja huku mabishano yakiendelea juu ya kichwa chake. "Nachukua," msichana akasema, na kijana akainua mikono.

Fundi alipotoka chini alipitisha kiganja kwenye ukingo wa mbele wa meza. Vanishi ilikuwa imeanza kulika mahali pawili, pale vifundo vya mikono vinapolala. Akapapasa pa kushoto, akapapasa pa kulia, akarudia tena.

"Nitazipaka upya," akaniambia. "Lakini vanishi inataka siku mbili kukauka. Mnaweza kuniachia Jumamosi na Jumapili?"

Nikamwambia aje Ijumaa jioni, na funguo atazikuta kwa mlinzi.